Miche ya Okidi: Kutoka Chupani Hadi Chunguni



Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji watukufu, hasa mama zangu na dada zangu mnaotufungulia kurasa hizi kila juma kazi za nyumbani zikishatulia: leo tunarudi uani, kwenye vyungu vyetu.

Dada mmoja wa Malindi ametuandikia barua ambayo sikuweza kuiweka kando. Anaeleza kwamba alipopokea zamu yake ya mchezo, hakununua leso wala vyombo, bali alinunua chupa moja iliyofungwa, ndani yake mna miche 30 ya okidi. Nia yake ilikuwa kuilea uani, kisha kuiuza, na pato lake limsaidie kulipa karo ya binti yake. Siku ile ile chupa ilipofika aliivunja, akaipanda kila mche katika chungu chake, kwa udongo mzuri uliochanganywa na samadi. Aliviweka vyungu uwanjani vipate jua, akavimwagilia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku 12, miche 26 ilikuwa imeoza au imekauka. Mumewe hakumkaripia, alisema tu kwa upole kwamba fedha zile zimekwisha zikwa. Dada yetu anauliza mambo mawili: kosa lake lilikuwa wapi, na je, zamu nyingine ikimfikia anunue chupa ya pili, au shughuli hii ni ya wenye mali ya kupoteza?

Dada yangu, usijilaumu kupita kiasi. Nami nilianza hivyo hivyo. Chupa yangu ya kwanza niliifungua katikati ya kaskazi, joto limepamba moto, na nikaimwagilia miche kwa maji ya kisima chetu, ambayo kila anayeyaonja anajua yana chumvi. Haukunusurika hata mche mmoja. Niyaandikayo hapa nimeyalipia, na ningependa asilazimike mwingine kuyalipia tena.

Tuanze na kuujua mche wenyewe, kwani asiyeijua hali ya mtoto hawezi kumlea. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi. Katika tumba moja la mbegu zinaweza kupatikana mbegu laki kadhaa, na aina nyingine hufikia mamilioni. Tunaisoma katika Qur'ani nasaha ya Luqman kwa mwanawe juu ya chembe ya hardali, kwamba hata jambo lenye uzito huo halimpotei Mwenyezi Mungu. Mbegu ya okidi ni ndogo kuliko hardali mara nyingi, na wala haina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo kunde au hindi. Msituni haioti peke yake. Hungoja kuvu maalumu aingie ndani yake na kuilisha. Jambo hilo liligunduliwa na mtaalamu wa Kifaransa, Noël Bernard, mwaka 1899. Kisha mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuoteshwa bila ya kuvu, zikipandwa ndani ya chombo safi kisicho na vijidudu, juu ya jeli yenye sukari na madini. Hiyo ndiyo asili ya chupa aliyoinunua dada yetu.

Jeli hiyo huitwa agari, na hutengenezwa kwa mwani mwekundu. Mwani wanaoulima kina mama wa Kibuyuni kule Kwale ni wa aina nyingine, lakini nao ni katika jamii hiyo ya mwani mwekundu. Basi bahari yetu haiko mbali na habari hii.

Sasa tazama maisha ya mche ndani ya chupa. Hewa yake ni ya unyevu mtupu, chakula chake ni sukari iliyo tayari, hakuna upepo, hakuna kuvu wala bakteria. Kwa sababu hiyo majani yake hukua membamba, bila ya ile nta inayozuia maji yasitoke, na vitundu vyake vya kupumulia havijazoea kujifunga. Mizizi yake nayo imezoea jeli, haijazoea kutafuta maji wala hewa. Ukiutoa mche wa namna hii ukauweka juani, unakauka kabla ya Adhuhuri. Ukiuzika katika udongo mzito na kuumwagilia mara mbili kwa siku, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Dada yetu aliyafanya yote mawili kwa nia njema kabisa. Aliutendea mche wa okidi kama mche wa mchicha, na mche wa okidi hauishi hivyo. Okidi nyingi tunazolea nyumbani, katika asili yake, hukaa juu ya magome ya miti, mizizi ikiwa nje inapigwa na hewa. Udongo na samadi si makao yake.

Baada ya kulijua hilo, hatua zote zinazofuata zina sababu. Nitazieleza kwa utaratibu.

Kwanza, wakati. Usifungue chupa kwa sababu imefika. Maadamu jeli haijakauka, haijaingia ukungu na miche haijasongamana, chupa yaweza kungoja. Iweke mahali penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua lenyewe, kwa juma moja au mawili, ipumzike na safari na izoee joto la nyumba yako. Jua likiipiga chupa hata kwa muda mfupi, miche hupikika ndani yake. Kwetu pwani miezi ya kaskazi ni mikali kwa jambo hili. Kipindi cha kusi, mvua kubwa za masika zikishapungua na hewa ikiwa na ubaridi kidogo, ndicho chenye nafuu. Lakini ukiona ukungu mweupe au mweusi umeota ndani ya chupa, usingoje tena. Toa miche siku hiyo hiyo.

Pili, tayarisha makao kabla ya kumtoa mgeni. Hapa sisi watu wa minazi tumejaaliwa. Chukua makumbi ya nazi, uyakate vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya njugu. Yaroweke katika ndoo kwa siku tatu au zaidi, ukibadilisha maji kila siku. Maji ya mwanzo yatatoka mekundu kama chai. Ni rangi ya makumbi, na pamoja nayo hutoka chumvi iliyomo ndani. Endelea mpaka yatoke karibu na kuwa meupe. Kisha yachemshe mara moja, ili wadudu waliojificha wafe, uyaache yapoe na kuchuja maji. Changanya mafungu matatu ya makumbi na fungu moja la makaa yaliyovunjwavunjwa. Chini ya chungu tia vigae au kokoto ili maji yasituame. Chungu chenyewe kiwe kifupi, chenye matundu mengi chini.

Tatu, kutoa miche. Fanya kazi hii asubuhi au baada ya Alasiri, kivulini, nawe umenawa mikono na kusafisha vyombo. Ikiwa mdomo wa chupa ni mpana, tia maji ya uvuguvugu, tikisa taratibu mpaka jeli ilegee, kisha imimine katika karai. Ikiwa mdomo ni mwembamba, izungushie chupa kitambaa kizito au magazeti, uigonge kwa nyundo, na watoto wakae mbali na vigae vya kioo. Usivute miche kwa nguvu. Mizizi yake hukatika kama uzi wa tambi iliyoiva.

Nne, kuosha. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo inayoangamiza zaidi. Jeli ile ina sukari, na sukari ikibaki kwenye mizizi, ukungu hupata karamu. Osha miche katika maji ya uvuguvugu, mwaga, tia mengine, osha tena, mpaka ukishika mizizi kwa vidole isiwe na utelezi. Utumie maji ya mvua. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani yana chumvi, na okidi haistahimili chumvi. Kinga maji ya paa, lakini ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, kwani huosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari.

Tano, dawa ya kuvu. Baada ya kuosha, miche huchovywa katika dawa ya kuzuia kuvu iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake, si zaidi. Vaa glavu, usipime kwa kijiko cha jikoni, na ifungie mahali watoto wasipofika. Wapo wanaotumia unga wa mdalasini. Mdalasini unafaa kwa jeraha la jani, kwa sababu hukausha. Kwa sababu hiyo hiyo usiuweke kwenye mizizi.

Sita, kuigawa na kuipanda. Itandaze miche juu ya kitambaa safi na uigawe kwa ukubwa: mikubwa upande mmoja, ya kati upande wa pili, midogo upande wa tatu. Iache kivulini kwa muda mfupi mpaka maji ya juu yakauke na mizizi ianze kuonekana myeupe. Kisha usipande mche mmoja katika chungu kimoja. Panda 8 hadi 10 pamoja katika chungu kimoja chenye upana wa sentimita 10 hivi, kila kundi na wenzake wa umri mmoja. Ikikaa pamoja, miche huhifadhiana unyevu, na chungu hakikauki ghafla. Mizizi ifunikwe kwa makumbi, lakini shingo ya mche, pale majani yanapoanzia, ibaki juu. Shingo ikizikwa, huoza.

Saba, majuma ya kwanza. Sasa mche unahitaji hewa yenye unyevu bila ya mizizi kulowa. Chukua chupa ya maji ya lita 5, ikate chini, uifunike juu ya chungu kama kawa. Siku za mwanzo kifuniko chake kiwe kimefungwa, ukikifungua mara moja kwa siku hewa ibadilike. Baada ya juma moja kiache wazi. Baada ya juma la pili inyanyue chupa saa moja kwa siku, kisha saa mbili, kisha nusu ya siku, mpaka baada ya mwezi hivi uiondoe kabisa. Ukiona majani yamelegea, rudi nyuma hatua moja. Chungu kikae mahali penye mwanga wa kutosha kusomea bila ya taa, lakini pasipo na jua la moja kwa moja. Maji yanyunyizwe asubuhi, ili majani yawe yamekauka kabla ya jioni, na yasinyunyizwe tena mpaka makumbi ya juu yameanza kukauka.

Hapa nina onyo kwa ajili ya afya ya nyumba. Usiweke sahani ya maji chini ya vyungu ukaisahau. Mombasa na miji yetu ya pwani imekwisha kuonja homa ya dengi na chikungunya, na mbu wanaozieneza huzaliana katika maji machache yaliyotuama, hata ya kisahani cha ua. Ukiweka sahani, imwage na kuisugua kila baada ya siku chache. Tangi la maji ya mvua nalo lifunikwe.

Usishtuke ukiona mizizi ya zamani imenyauka au jani la chini limegeuka manjano. Mizizi iliyozaliwa ndani ya jeli mara nyingi hufa, na mche hutoa mingine. Alama ya kutafuta ni ncha mpya ya mzizi, ya kijani, inayojitokeza kwenye shingo. Ukiiona hiyo, sema alhamdulillah, kwa maana mche umeyakubali makao. Ni hapo ndipo unapoanza kutia mbolea ya maji, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa juma au majuma mawili, na katikati yake uoshe chungu kwa maji matupu. Baada ya miezi sita hadi mwaka, majani yakianza kupigana, ndipo kila mche unapewa chungu chake.

Sasa nije kwenye swali la pili, ambalo nahisi ndilo zito zaidi moyoni mwa dada yetu.

Rai yangu ni hii: zamu ijayo usinunue chupa. Kwanza iokoe miche minne iliyobaki. Itoe katika udongo leo hii, uioshe, uipande katika makumbi na mkaa, uifunike kama nilivyoeleza. Hilo halitakugharimu ila kazi ya mikono. Ikitoa mizizi mipya, utakuwa umepata ushahidi kwamba mahali pako panafaa na mkono wako umejifunza. Ikifa, utakuwa umejifunza kwa miche minne na si kwa 30 mingine. Ukishaona mizizi mipya, kaa na mumeo mshauriane. Shura ni katika adabu ya nyumba ya Kiislamu, na maneno yake ya upole yanaonyesha kwamba mlango uko wazi. Mkikubaliana, nunua chupa moja, si mbili, wakati wa kusi. Uliza ni aina gani: Dendrobium, Vanda na Phalaenopsis huvumilia joto letu, lakini zipo okidi za nchi za baridi ambazo pwani zitakusumbua tu. Wala usikope kwa riba kwa ajili ya ua.

Jambo la karo lazima nilisema wazi. Dendrobium iliyotoka chupani huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutoa ua, na Vanda huchukua zaidi. Karo ya muhula huu haiwezi kungoja ua la mwaka wa tatu. Basi pato hili lihesabu kuwa ni la baadaye, na karo ya sasa iwe na njia yake nyingine. Waweza kuuza miche midogo ikishatimiza mwaka na kuzoea vyungu vyake. Andika katika daftari gharama ya chupa, vyungu na dawa, kisha igawe kwa idadi ya miche iliyo hai, si kwa idadi uliyoinunua. Ikiwa katika 30 imebaki 15, kila mmoja umebeba gharama ya wawili. Asiyefanya hesabu hiyo huuza kwa hasara akidhani anapata.

Na utakapouza, mwambie mnunuzi ukweli: mche huu una umri gani, ni wa aina gani, na ua lake litangojwa muda gani. Mtume (S.A.W.) alikemea vikali udanganyifu katika biashara, na kuficha aibu ya bidhaa ni udanganyifu hata kama bidhaa ni ndogo kama kidole.

Kuna jaribu moja ambalo nawaomba wasomaji wetu wote wajiepushe nalo. Mtu akishindwa na chupa, huambiwa kwamba okidi zipo bure msituni. Ni kweli kwamba misitu yetu ya pwani ina okidi za asili, ikiwemo Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa kama ngozi ya chui. Lakini mmea huo umepungua kwa sababu ya kung'olewa na watu na kwa kukatwa kwa miti inayoubeba, na biashara ya okidi zote baina ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Mche wa chupani umezalishwa kwa mkono wa binadamu na hauupunguzii msitu kitu. Wa msituni ukiung'oa, aghalabu unakufa nyumbani kwako, na msituni pake panabaki patupu.

Tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kila kinachokula humo, awe mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Na tumefundishwa pia kwamba mwenye mche mkononi aupande hata Kiyama kikimkuta hapo, ikiwa anaweza kuupanda. Katika mafundisho hayo mpandaji hakuahidiwa kuwa mche wake utaota. Amepewa ujira wa kupanda. Dada yetu wa Malindi, miche 26 imekwenda, na fedha zake hazitarudi. Lakini nia ya kumsomesha binti kwa jasho lako haikuzikwa pamoja nayo. Leo unayo minne. Ianze nayo kwa bismillahi, na utuandikie mizizi itakapochomoza, au isipochomoza, ili tujifunze pamoja.

Namuomba Mwenyezi Mungu abariki mikono yenu na majumba yenu, awafungulie wanawetu milango ya elimu yenye manufaa, na aturuzuku riziki ya halali. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.